Rangi ya Kucha kwenye Sanduku la Spana

"Hii ni ya nani?"

"Kwanza nani kafungua sanduku langu?"

"Nimeuliza hii ni ya—"

"Na mimi nauliza, nani kakutuma kutia mkono—"

"Ya mwanamke gani, Mkaguzi? Mtaje tu, sitamla!"

"—kwenye spana zangu! Nalifunga sanduku, nalikuta wazi, halafu mimi ndiye naulizwa maswali!"

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, jikoni, mume upande huu wa meza na mke upande ule, maneno yao yakigombania njia kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja, kila mtu na godoro lake kichwani. Mke alikuwa ameshika kichupa kidogo kwa vidole viwili, kakining'iniza mbali na mwili kama mtu aliyemkamata panya kwa mkia. Rangi ya kucha. Nyekundu iliyoiva, ile ambayo mwanamke akiipaka basi ameamua kuonekana.

Mkaguzi alikijua kichupa hicho vizuri sana. Alikinunua mwenyewe. Alimwambia muuza duka kwamba ametumwa na binti wa jirani, na muuza duka akamjibu, "Sawa, mzee, wote huwa mnatumwa." Lakini kusema kilikuwa cha kazi gani hakuweza. Kichupa kile kilikuwa mtego, na mtego haumwelezi panya ulivyotegwa.

Na panya, kwa hesabu zake, ndiye huyu aliyekishika.

Ili umwelewe inabidi uijue kazi yake. Alikuwa mkaguzi wa mizani. Siku za kazi alizunguka sokoni na kwenye maduka ya nafaka na mawe yake ya shaba ndani ya kijisanduku, akipima vipimo vya watu. Aliwakuta wenye sumaku chini ya sahani, wenye jiwe lililotobolewa tumbo, wenye kidole gumba kilichosomea kazi ya kuegemea. Mizani akiiona nzuri aliitia lakiri yake: doa la rangi juu ya skrubu, nusu kwenye skrubu nusu kwenye chuma. Mtu akiichokonoa tu, doa linakatika, na mwenye duka anakatika nalo. Kazi hiyo ilimfunza somo moja tu, naye alilishika kama sala: mtu akikuchekea, tazama mkono wake wa pili uko wapi.

Mtu wa namna hiyo ukimpa gari la zamani, umempa kidonda cha kukuna mpaka kiyama.

Lilikuwa gari la viti viwili, fupi kwa kimo, pua ndefu, kijani kama ganda la limau bichi. Alilikuta kwenye ghala, kuku ameatamia mayai kwenye kiti cha dereva, na hata huyo kuku alikuwa na sura ya kujutia uamuzi wake. Watu walimcheka. Akalisukuma hadi nyumbani, akalifumua, akaanza kulirudisha kidogo kidogo kwa mikono yake. Gasketi aliikata kwa mkasi kutoka kwenye boksi la viatu. Waya za taa alizifuata moja moja kama mtu anayefukua mizizi. Breki alizitoa upepo huku mkewe amekaa ndani akikanyaga pedali: "Kanyaga! Achia! Kanyaga nimesema!" Na turubai la juu, lile lililokuwa limebaki nyuzi na kinyesi cha kuku, alilishona upya mkewe mwenyewe, kwa cherehani yake, mishono miwili miwili, maana ushonaji ndio ulikuwa mkate wake na mtaa mzima ulimwita Fundi.

Utamu wake lile gari! Turubai likikunjwa, upepo unakuosha uso, injini inanguruma chini ya magoti yako kama paka mkubwa aliyeshiba, na kila unayempita anageuka akitabasamu kama vile umemwamkia kwa jina. Kwa Mkaguzi, ambaye sokoni watu walimgeukia kwa kununa tu, raha hiyo ilikuwa dawa.

Tabu ilikuwa kabureta. Gari lilikuwa na mbili, moja mbele moja nyuma, zimepangana juu ya injini, na sharti zivute hewa sawasawa. Moja ikivuta zaidi, injini inagombana na nafsi yake. Njia ya kuzipima ni ya kale na rahisi: unachukua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, ncha moja kwenye mdomo wa kabureta, ncha ya pili sikioni, unasikiliza mvumo. Ya mbele, ya nyuma. Ya mbele, ya nyuma. Unageuza skrubu mpaka zote zivume kwa sauti moja. Hii kazi Mkaguzi aliipenda kuliko chakula. Kwake zilikuwa sahani mbili za mizani, na nani angemwambia yeye jambo kuhusu mizani?

Gereji ilikuwa nyembamba. Gari liliingia kwa pua, ubavu wa kulia ukabaki unanong'ona na ukuta, kwa hiyo alisimama siku zote upande wa kushoto, ameinama juu ya injini. Mpira ulikuwa mfupi. Kabureta ya mbele ilikuwa kwenye mkono wake wa kushoto, akaisikiliza kwa sikio la kushoto; ya nyuma kwenye mkono wa kulia, akaisikiliza kwa la kulia. Kila Jumamosi alizipanga mpaka akaridhika, akafuta mikono, akafunga boneti kwa upole kama anayemfunika mtoto.

Na kila akilitoa barabarani, gari linakohoa kama mtu aliyepaliwa na maji.

Gerejini sawa, barabarani vurugu. Sasa wewe ungesemaje? Mkaguzi alisema kile ambacho kazi yake ilimfundisha kusema: kuna mkono wa pili.

Mwenye sababu hakuhitaji kutafutwa kwa tochi. Cherehani ya Fundi ilikuwa ukumbini, vitambaa vimelala kitandani kama wagonjwa, na wateja walipimwa viuno jikoni huku sufuria inachemka. Alikuwa ameshasema mara nyingi kwamba gereji ile ingemfaa kwa kazi. Halafu kulikuwa na mdogo wake, Kinyozi, mwenye kibanda cha kunyolea pale kona. Kinyozi alikuwa na mteja tajiri ambaye kila akikalia kiti cha kunyolewa huuliza, "Lile gari la shemeji yako anauza lini?"

Na hawa wawili walinong'ona. Hilo ndilo lililomla Mkaguzi kuliko yote. Anakaa sebuleni, anawaona kwa pembeni ya jicho, midomo inacheza, mikono inaruka, sauti hakuna. Akigeuka kuwatazama, wanamtazama na wao, kama vile yeye ndiye mwenye la kujibu. Ndani ya nyumba yake mwenyewe! Mtu akishaanza kushuku, hata kivuli chake anakidai kitambulisho.

Basi akatega. Kwanza alimwaga poda sakafuni mwa gereji. Kesho yake akakuta nyayo ndogo zimekwenda moja kwa moja hadi mlango wa kushoto, na kiti cha dereva kimesogezwa mbele. Alikwenda dukani akanunua rangi ya kucha, na Jumamosi, alipomaliza kuzipanga kabureta, akaweka doa moja juu ya skrubu ya ile ya mbele na madoa mawili juu ya ile ya nyuma, kama anavyowafanyia wenye maduka. Kichupa akakificha kwenye sanduku la spana, chini kabisa, chini ya tambara la grisi ambalo mtu mstaarabu hawezi kuligusa.

Limeguswa.

"Kwa hiyo umekiri," alisema sasa, akiinua kidole. "Sanduku umelifungua. Hilo tumemaliza. Na kwenye gari je?"

"Usinigeuzie kibao. Nimekuuliza swali dogo." Fundi akakiweka kichupa katikati ya meza, taratibu, kama anaweka ushahidi mbele ya hakimu. Halafu akazunguka upande wa kushoto wa mumewe, akalisogelea dirisha, akampa mgongo, na kuanza kusema. Alisema kwa muda. Mabega yake yalipanda yakashuka, mara moja alijifuta uso kwa kiwiko. Mkaguzi hakuyapata maneno yale, wala hakuhangaika. Alikuwa akikitazama kichupa na kupanga maswali yake mwenyewe. Alishtukia tu mke amegeuka, macho mekundu, anamkabili.

"Haya. Una la kusema?"

"Nina la kusema. Gari langu lisiguswe."

Fundi alimtazama kama anavyotazamwa mteja aliyerudisha gauni baada ya kulivaa harusini.

"Sawa, Mkaguzi." Jina hilo alilitumia siku za ugomvi tu, siku za amani alimwita mume wangu, na siku za amani zilikuwa zimekonda. "Gari lako. Basi leo hii tutalipanda, mimi na wewe, mpaka kule juu kwenye tangi la maji. Likifika, gereji ni yako na mimi sifungui tena mdomo wangu. Lisipofika, linauzwa. Cherehani inahamia kule."

"Leo hii?"

"Kwani lina harusi?"

Mkaguzi alikimbilia gerejini. Akafungua boneti. Doa moja mbele, zima. Madoa mawili nyuma, mazima, hata ufa mwembamba kama unywele hakuna. Akacheka peke yake. Jana tu alizipanga zikavuma kama mapacha, na tangu jana hakuna aliyezigusa. Wamechelewa! Leo hata wakinuna, mlima utapandwa.

Walitoka turubai likiwa limekunjwa. Mkaguzi kwenye usukani, kulia; Fundi kushoto kwake, kitambaa kichwani, mkoba umekumbatiwa mapajani. Walipita maduka yaliyofungwa, wakapita karakana ya mbao, wakapita watu waliogeuka na kutabasamu. Mkaguzi akatabasamu nao, lakini nusu uso tu, maana nusu ya pili ilikuwa inamchunguza mkewe. Hasemi. Njia nzima ametazama mbele, upepo unampiga kitambaa, hasemi na mumewe hata neno. Mtu asiye na hatia angekaa kimya hivyo?

Kisha akatazama kioo. Nyuma yao, kwa umbali wa heshima, Kinyozi amepanda pikipiki yake. Na begani kajitundika kamba. Kamba nene ya kuvutia gari.

"Aha," alisema Mkaguzi.

Mlima ulianza kwa upole kama ukwe, kisha ukaonyesha tabia zake. Gia ya tatu ikawa ya pili. Injini ikaanza kukwama, ikajivuta, ikakwama. Kikatoka kikohozi cha kwanza. Cha pili. Tangi la maji lilikuwa pale juu kabisa, limesimama kwa miguu yake mirefu likiwatazama kama mwalimu wa zamu. Mkaguzi akatia gia ya kwanza, akakanyaga mafuta mpaka sakafuni, akaliita gari kwa majina ambayo mkewe hakuwahi kuitwa hata wakati wa uchumba. Gari likapiga chafya moja kubwa, likatetemeka, likazima.

Alifaulu kuliegesha kushoto, magurudumu ya upande ule yakikaribia kuchungulia mtaroni. Pikipiki ikafika, ikazimwa.

"Pole, shemeji," alisema Kinyozi, akishuka. "Nimekuja na kamba."

"Nani alikwambia litazima?"

"Gari lenyewe. Kila Jumapili linanipitia mbele ya kibanda likienda, na kila Jumapili linarudi linasukumwa."

"Uongo! Mmekula njama, wewe na dada yako. Mteja wako yuko wapi, kajificha kwenye tangi?"

"Dada, anasema nini huyu?"

Fundi alikuwa ameshuka kwa tabu upande wa dereva, maana wa kwake ulikuwa mtaro mtupu. "Mwache. Leo ndiyo kwanza amefungua mdomo. Tangu nyumbani mpaka hapa nimesema naye hajanijibu hata ndiyo."

"Umesema?" Mkaguzi alimkodolea macho. "Wewe? Hukutoa hata pumzi!"

"Shemeji," Kinyozi alisema, "amesema. Mimi huko nyuma na helmeti nilikuwa namsikia."

Mashahidi wawili, uongo mmoja. Mkaguzi alishawaona wengi sokoni. Muuza mchele anaapa, na muuza maharagwe anamshika mkono. Akafungua boneti. "Njooni," alisema. "Njooni mwone kwamba mimi siyo mjinga. Nilitia lakiri."

Wote watatu wakainama. Pale juu ya skrubu, mbele, lilikaa doa jekundu linalong'aa. Nyuma yalikaa mawili.

Kinyozi ndiye aliyeanza. Alijitahidi kuzuia, mashavu yakajaa, kikamtoka kicheko kama tairi iliyopasuka. "Umelipaka gari rangi ya kucha!"

"Ni lakiri!"

"Na miguuni je, utalipaka lini?"

Fundi hakucheka. Alinyoosha kidole, akaligusa doa la mbele kwa ncha ya ukucha wake, ukucha uliokatwa mfupi wa mtu anayeshinda na sindano. "Ndicho kile kichupa," alisema.

"Ndicho. Nilitaka kujua nani anaingia gerejini. Na aliingia. Nyayo zake nilizikuta kwenye poda."

"Ni zangu."

"Najua ni zako!"

"Niliingia kutafuta hereni." Alisema kwa sauti nzito, akimtazama machoni, na Mkaguzi akayapata yote. "Hereni, unywele, kitambaa, chochote. Nikakaa kwenye kiti chako, nione ukikaa pale unaona nini kinachokufanya usituone sisi. Siku nyingine narudi, nafungua sanduku, nakuta rangi ya kucha isiyo yangu. Ungekuwa mimi ungesemaje?"

"Na kiti ukakisogeza."

"Miguu haifiki, Mkaguzi! Hilo ndilo ulilolisikia katika yote niliyosema?"

Hakuna mwanamke, hilo Mkaguzi alilijua. Lakini kwamba mkewe alikuwa akimtafuta huyo mwanamke chini ya viti, hilo lilikuwa jipya. Hata hivyo, mtu aliyezoea kushuku hashuki kwenye punda wake kwa kuambiwa tu amefika. Lakiri ni nzima, ndiyo. Gari limezima, ndiyo. Sasa?

Akaliwasha. Likakubali kwa shingo upande, likawa linatetemeka pale pale. Akachukua mpira wake chini ya kiti. Upande wa kushoto ulikuwa mtaro, kwa hiyo alisimama kulia, akalala kwa tumbo juu ya ubavu wa gari, akainama. Kabureta ya mbele sasa ilikuwa mkono wake wa kulia. Akaweka mpira, akasikiliza.

Ikavuma kama simba.

Akahamia ya nyuma, iliyokuwa mkono wake wa kushoto. Akaweka mpira sikioni.

Pumzi ya panya.

Akarudia. Simba, panya. Akanyanyuka, uso umempauka. "Zimebadilishwa," alisema. "Jana zilikuwa sawa. Mtu amezing'oa zote mbili, ya mbele kaiweka—"

"Lakiri," alisema Fundi.

"Nini?"

"Doa moja mbele, mawili nyuma. Si ndivyo ulivyoweka? Tazama."

Akatazama. Doa moja mbele. Mawili nyuma. Mazima.

Sasa hapa ndipo kazi yake ya miaka ilipomkamata kola. Kuna mtihani mmoja ambao kila mkaguzi wa mizani huujua kabla hajajua kuvaa sare. Ukiona sahani mbili zinalingana lakini moyo wako hauridhiki, usimgombeze mwenye duka bado. Badilisha. Cha kushoto kipeleke kulia, cha kulia kipeleke kushoto. Uzito ukihama na mzigo, kosa liko kwenye mzigo. Uzito ukibaki upande ule ule, kosa liko kwenye mizani yenyewe.

Gerejini alisimama upande huu, leo amesimama upande ule. Kabureta zimebadilisha masikio. Na panya kabaki kushoto.

Akaichukua ncha ya mpira. Akaiweka kwenye kabureta ya mbele, ile ya simba, na ncha ya pili akaivuta ikavuka uso wake, akaisogeza kwenye sikio la kushoto. Panya. Akaihamishia kulia. Simba.

Kushoto. Kulia. Kushoto.

"Vipi?" aliuliza Kinyozi, kicheko kimeshamwisha.

Mkaguzi alikwenda akazima injini. Alikuwa na uso wa mtu aliyefungua begi lake barabarani akakuta nguo za mtu mwingine. Kila Jumamosi, sikio bovu lilimwambia ya mbele inavuta kidogo, naye akaifungua zaidi, akaifungua, akaifungua mpaka zikalingana kichwani mwake na kugombana barabarani. Hakuna mkono wa pili. Ilikuwa mikono yake yote miwili.

Fundi aliuchukua ule mpira mkononi mwake. Hakusema kitu, au pengine alisema, Mkaguzi hakuwa tena na hakika ya mambo kama hayo. Alimshikisha ncha moja kwenye sikio la kushoto, akamfumba macho kwa kiganja, na ncha ya pili akaipeleka kwenye mdomo wake.

Mkaguzi alisubiri gizani mle kiganjani. "Haya, sema," alisema.

Kiganja kikatoka. Fundi alikuwa anamtazama, midomo bado iko kwenye mpira.

"Nimeshasema," alisema.

"Sema tena."

Akamwona anasema. Neno fupi. Kimya. Fundi akazunguka, akaihamishia ncha kwenye sikio la kulia, na sauti ya mkewe ikamwingia kichwani kwa ukubwa wake wote, na joto lake, karibu kuliko alivyoisikia kwa muda asioweza kuukadiria.

"Umelala?"

"Nimelala nini? Mchana huu?"

"Ndilo ninalokuuliza kila usiku." Fundi aliuteremsha mpira. "Unalalia ubavu wa kulia, unanipa mgongo. Nina jambo, nakuuliza umelala. Kimya. Nasema mwenyewe basi, naongea na shuka. Nikajua umenichoka. Mtu akikuchoka hakujibu."

Mkaguzi alijishika sikio la kulia, lile zima, lile ambalo kila usiku alilizika kwenye mto.

"Na mimi nilijua unanidharau, shemeji," Kinyozi alisema, akiikunjua kamba begani na kuikunja tena kwa kukosa la kufanya. "Nikikunyoa upande wa kulia tunapiga soga mpaka basi. Nikihamia kushoto, kimya, kama nanyoa gogo. Nikamwambia dada, huyu mumeo ana jambo. Ndiyo tukawa tunaulizana."

"Mlikuwa mnanong'ona."

"Kunong'ona? Dada huyu ananong'ona? Jirani anajibu mambo yetu kutoka kwake!"

Kicheko kilimtoka Fundi kwanza, kidogo, puani, kisha Kinyozi akakidaka. Mkaguzi hakucheka. Alichukua bisibisi. Alisimama kitambo juu ya lakiri zake, kisha akaikata ya mbele mwenyewe, doa likapasuka vipande viwili. Akaliwasha gari. Kazi ile aliifanya polepole, kwa sikio moja, akiupeleka mpira mbele na nyuma bila kubadilisha mkono. Ya mbele aliibana, akaibana, akaendelea kuibana huku akitikisa kichwa kwa aibu. Kutetemeka kukapungua. Kukaisha. Injini ikateremka mpaka kwenye mngurumo mmoja wa chini, laini, ulionyooka kama uzi uliotoka kwenye cherehani iliyopakwa mafuta. Chupa ya maji ambayo Kinyozi alikuwa ameiweka juu ya ubavu wa gari, iliyokuwa inachezacheza, ikatulia.

Hakuwahi kuisikia hivyo. Tangu siku ya kuku, hakuwahi.

"Lo," alisema Fundi. "Kumbe linajua kuongea."

"Haya, shemeji, panda," Kinyozi alisema, akiitupa kamba kwenye pikipiki. "Mteja wangu nitamwambia akanunue baiskeli. Tangi lile pale, hata dakika halichukui."

Fundi akajifunga kitambaa upya. "Twende. Likifika ni lako, na mimi sifungui mdomo. Tulikubaliana."

Mkaguzi alifunga boneti. Akamfungulia mkewe mlango, ule wa upande wa dereva, na Fundi akainama apite avuke kwenda kwenye kiti chake cha kushoto.

"Usivuke," alisema Mkaguzi. "Kaa hapo hapo."

"Kwenye usukani? Na wewe?"

Mkaguzi alizunguka gari, akashuka mtaroni mpaka magotini, akajipandisha upande ule kama mwizi, akajitupa kwenye kiti cha kushoto, viatu vimejaa tope. Sasa mkewe alikuwa kuliani kwake, bega kwa bega, ameshika usukani kwa vidole viwili kama kwamba ni mali ya mtu. Mkaguzi aliisikiliza injini kidogo tu. Kisha akanyoosha mkono mbele ya Fundi, akazungusha ufunguo, akaizima.

"Unafanya nini?" Kinyozi alipiga kelele. "Si liko sawa? Shemeji! Tangi lile!"

Mlima ulikuwa kimya. Mkaguzi alijigeuza kwenye kiti, akamsogezea mkewe sikio la kulia mpaka likakaribia kugusa kitambaa chake.

"Ule ugomvi wa asubuhi," alisema. "Yale uliyosema pale dirishani. Nigombeze tena, mke wangu. Tafadhali. Anzia mwanzo."